Jinsi ya Kutofautisha Milio ya Mende wa Madagaska Unaowafuga

Maswali matatu hunifikia kila mara kutoka kwa watu walioanza kufuga mende wa Madagaska. La kwanza ni kwa nini mende mmoja hufoka kila aguswapo, ilhali mwenzake wa tangi hilohilo hatikisi hata kipapasio. La pili ni kama jike aliye kimya ni mgonjwa. La tatu ni kwa nini mende aliyekuwa akifoka kwa nguvu wiki ya kwanza sasa hatoi sauti yoyote. Nimeyajibu moja moja mara nyingi mno, na jibu limekuwa lilelile: mlio wa mende huyu hausemi lolote mpaka ujue aliyeutoa ni nani, ana umri gani, na alikuwa akimtolea nani. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuyajua mambo hayo kwa vifaa vya nyumbani, katika muda wa wiki sita hivi.

Ninaposema kufoka, namaanisha ile sauti ya pumzi inayotoka kwa kishindo, inayofanana na upepo unaotoka kwenye valvu ya baiskeli unapoibonyeza kwa ukucha. Mende ninayemzungumzia ni yule mkubwa asiye na mabawa, Gromphadorhina portentosa, ambaye kwao ni misitu ya Madagaska na ambaye akikomaa hufikia urefu wa sentimita 5 hadi 7.5. Huyu si mende wa jikoni. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo mende alikutana na kandambili kabla hajafika katikati ya sakafu, na mgeni akiingia sebuleni kwako akaona tangi zima la mende utalazimika kutoa maelezo marefu.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba sheria za mahali unapoishi zinakuruhusu kuwafuga. Katika jimbo la Florida nchini Marekani, kwa mfano, huwezi kuwafuga bila kibali, kwa sababu hali ya hewa ya huko ingeweza kuwafaa wakitoroka. Msomaji aliyeko Kenya au Tanzania na aulize kwanza mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yake kabla ya kuleta mdudu hai kutoka nje. Popote ulipo, usimwachilie hata mmoja nje ya nyumba.

Vitu vya kuandaa

Unahitaji tangi la kioo au la plastiki lenye mfuniko unaopitisha hewa, pamoja na trei za mayai za karatasi ambazo mende watajificha ndani yake. Paka ukanda wa Vaseline wenye upana wa sentimita 5 hivi kuzunguka ukingo wa ndani wa juu, kwa maana mende hawa hupanda kioo kana kwamba wanatembea sakafuni, na watoto wao hupenya katika nafasi ambayo hukuifikiria.

Andaa pia kipimajoto, chombo kidogo cha plastiki cha kufanyia majaribio, rula, saa yenye sekunde, daftari, na simu inayorekodi sauti. Tafuta tochi yenye mwanga mwekundu au funika tochi ya kawaida kwa karatasi nyekundu ya plastiki, kwa kuwa wadudu hawa hawauoni vizuri mwanga mwekundu na wataendelea na shughuli zao za usiku. Kwa kutia alama, rangi ya kucha inatosha, ingawa rangi inayotumiwa na wafugaji wa nyuki kumtia alama malkia hudumu zaidi.

Kundi la kuanzia lisiwe kubwa. Madume wawili au watatu, majike wanne, na tunutu wachache, yaani watoto ambao bado hawajakomaa, wanatosha kukufundisha kila kitu kilichomo katika mwongozo huu. Ukianza na mende sitini hutamjua hata mmoja.

Nadharia kidogo tu

Wadudu wengi wanaotoa sauti, kama vile nyenje na panzi, huitoa kwa kusugua au kutetemesha sehemu ngumu za mwili. Mende wa Madagaska hupuliza. Hukaza tumbo na kuisukuma hewa itoke kupitia jozi moja ya matundu ya kupumulia yaliyo ubavuni, matundu ambayo umbo lake limebadilika kwa kazi hiyo. Kwa sababu sauti hutokana na pumzi, utaona tumbo likijikunja kabla ya kusikia chochote, na wakati mwingine tumbo litajikunja bila sauti kutoka. Ukumbuke mkunjo huo wa kimya, kwa maana utauhitaji katika hatua ya nne.

Watafiti huigawa milio yao katika makundi manne: mlio wa kushtuka, mlio wa ugomvi, mlio wa kubembeleza jike, na mlio wa wakati wa kupandana. Mlio wa kushtuka hutolewa na dume, jike, na tunutu waliokwisha kukua kiasi, kuanzia hatua ya nne ya ukuaji. Ile mitatu mingine ni ya madume peke yao. Ukilishika hilo peke yake, nusu ya maswali yanayonifikia yatakuwa yamekwisha jibiwa.

Hatua kwa hatua

1. Mtambue kila mende kwa jinsia na umri. Tazama ngao iliyofunika kichwa. Dume aliyekomaa ana nundu mbili kubwa zinazofanana na pembe, na vipapasio vyake vina vinyweleo vinavyoonekana bila kioo cha kukuzia. Jike ana nundu ndogo na vipapasio laini. Ukiwa na shaka, mgeuze taratibu utazame sehemu ya mwisho ya tumbo, ambayo kwa jike ni sahani moja pana na kwa dume ni nyembamba zaidi. Njia hii ya mwisho ndiyo inayofaa kwa tunutu pia, kwa kuwa nundu zao bado hazijaota.

2. Watie alama waliokomaa. Weka tone dogo la rangi katikati ya ngao, mbali na macho, vipapasio, na ubavu. Rangi ikidondokea ubavuni inaweza kuziba tundu la kupumulia, na hapo utakuwa umemnyamazisha mdudu kwa mkono wako kisha ukaandika daftarini kwamba ni mpole. Subiri rangi ikauke kabisa kabla ya kumrudisha. Mpe kila mmoja jina fupi linalotokana na rangi yake, kama Nyeupe, Kijani, au Nyekundu Mbili.

   Usipoteze rangi kwa tunutu. Tunutu hujivua gamba mara 6 kabla ya kukomaa, na kila anapojivua huiacha alama yako juu ya gamba la zamani, kisha mara nyingi hulila gamba lenyewe. Mimi nilipoteza kumbukumbu za mwezi mzima kwa kutolifikiria jambo hilo dogo. Tunutu unayetaka kumfuatilia umweke katika chombo chake peke yake.

3. Waache watulie kwa wiki mbili. Wape maji, vipande vya karoti, majani mabichi, na chakula kikavu cha samaki au cha mbwa, bila kuwashikashika. Joto la tangi liwe kati ya nyuzi 24 na 30 za Selsiasi, nawe uliandike daftarini kila siku. Mende aliyetoka dukani jana amesafirishwa, ametikiswa, na amewekwa mahali penye harufu ngeni, kwa hiyo mlio wake wa siku ya kwanza hausemi lolote kuhusu tabia yake.

4. Pima mlio wa kushtuka. Hii ndiyo hatua inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi huiharibu kwa haraka.

   Chagua wakati mmoja maalumu wa jioni na usiubadilishe; saa mbili usiku inafaa, kwa sababu mende hawa huamka giza linapoingia. Osha mikono kwa sabuni isiyo na manukato, uisuuze vizuri, kisha uikaushe. Mhamishe mende mmoja kwenye chombo cha majaribio kilichotandikwa karatasi, umwache kwa dakika 5. Kule kuhamishwa peke yake humfanya afoke, na mlio huo usiuhesabu.

   Akishatulia, mguse kwa vidole viwili pande zote mbili za kifua, kwa wepesi, kwa muda wa sekunde 2. Ondoa vidole. Subiri sekunde 30, kisha rudia mpaka ufikishe miguso 10. Kwa kila mguso andika alama moja: 0 kama hakufanya kitu, 1 kama tumbo lilijikunja bila sauti, 2 kama sauti ilikuwa hafifu, na 3 kama mtu aliyeketi ng'ambo ya meza angeisikia.

   Ukurasa wa daftari utakuwa na mistari ya namna hii: tarehe 4, saa mbili usiku, nyuzi 26, Nyeupe, dume: 3, 3, 3, 2, 2, 2, 1, 0, 0, 0. Mstari kama huo unamwonyesha mende aliyeanza kwa kishindo kisha akazoea. Mstari wa 0, 0, 1, 0, 0, 0, 0, 0, 0, 0 ni wa mende asiyeshtuka kwa mguso wako, na mstari wa 3 kumi mfululizo ni wa yule ambaye hajakuamini bado. Wote watatu wanaweza kuwa wazima kabisa.

   Rudia zoezi hilo mara moja kwa siku, kwa siku 8. Usizidishe, kwa kuwa ukimgusa mara hamsini jioni moja utapata uchovu wala si tabia.

5. Linganisha siku ya kwanza na ya nane. Mende wengi watakuwa wamepungua, wengine kwa kasi na wengine polepole, na wachache hawatapungua hata kidogo. Tofauti hiyo kati ya mmoja na mwingine ndiyo jambo lenyewe unalolitafuta. Hata mende waliokulia katika tangi moja, kwa chakula kimoja na joto moja, hawafanani katika kushtuka, na anayetaka kupata wastani wa tangi lake atapata namba isiyomwelezea mende yeyote.

6. Badilisha mkono. Mwombe mtu mwingine ambaye mende hawajawahi kumgusa afanye jaribio la hatua ya nne, siku ya tisa, kwa saa ileile na sabuni ileile. Mwaka 2004 watafiti Hank Davis na Emily Heslop walichapisha utafiti kuhusu mende hawa, wakaeleza kwamba mende waliokwisha kuacha kumfokea mtu waliyemzoea waliweza kuanza tena kufoka waliposhikwa na mtu mgeni. Siku ya kumi mguse wewe mwenyewe tena. Mende aliyemfokea mgeni kisha akanyamaza kwako amekuonyesha kwamba kuna kitu cha kwako anachokitambua, iwe ni harufu, joto la kiganja, au namna unavyobonyeza.

   Hapa pana mtego. Rafiki anayeogopa mende hubana kwa nguvu zaidi, au mkono wake hutetemeka, na mlio utakaoupata utakuwa umepima hofu ya rafiki yako. Mfundishe mguso juu ya kipande cha ndizi kwanza. Asipoweza kuushika mguso kwa utulivu, tafuta mtu mwingine.

7. Sikiliza mlio wa ugomvi. Subiri mpaka usiku, zima taa, washa tochi nyekundu, na uwatazame madume wawili waliokomaa katika tangi lenye maficho ya kutosha. Wataanza kwa kupigana vipapasio, kisha mmoja atainuka juu ya miguu yake, atakisogeza kichwa chini na kumsukuma mwenzake kwa zile nundu kama kondoo dume. Mlio utausikia katikati ya misukumano hiyo. Mara nyingi utakuwa mfupi kuliko ule wa kushtuka, na utarudiwa.

   Andika nani alianza kusukuma, nani alifoka, na nani alikimbia. Baada ya mchezo kwisha, aliyeshinda huendelea kufoka, naye aliyeshindwa hukaa kimya. Kwa hiyo dume mkimya kwenye tangi lako huenda si mpole wa asili, bali ni dume aliyeshindwa jana usiku. Mpime urefu kila mmoja kwa rula vilevile, kwa sababu utafiti wa Clark na Moore uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba mlio wa ugomvi hubeba habari za ukubwa wa mwenyewe. Dume mdogo hawezi kujifanya mkubwa kwa sauti kwa urahisi.

   Mapambano haya kwa kawaida hayaumizi. Hata hivyo, ukiona kipapasio kimekatika, au dume mmoja hawezi kukifikia chakula kwa siku mbili, watenganishe.

8. Sikiliza mlio wa kubembeleza. Huu ndio unaowapita wengi kwa sababu ni mwororo. Muweke dume mmoja na jike mmoja aliyekomaa katika chombo tulivu, uweke simu ikirekodi juu ya wavu wa mfuniko, sentimita 10 hivi kutoka walipo, kisha uondoke chumbani. Zima jokofu na feni kama zipo karibu, kwa kuwa mngurumo wake utaumeza mlio wote. Dume humkaribia jike, humpapasa kwa vipapasio, huzunguka huku mwili wake umeinuka, na kutoa pumzi fupi fupi. Jike akikubali, wataungana kwa ncha za matumbo, kila mmoja akitazama upande wake, nao watakaa hivyo kwa nusu saa hivi. Mlio wa nne, ule wa kupandana, hutokea wakati huo.

   Usiwanyanyue wakiwa wameungana. Usiwamulike kwa taa ya simu ili kupata picha.

   Usifikiri kwamba mlio huu ni pambo tu. Katika utafiti wa Nelson na Fraser wa mwaka 1980, madume walionyamazishwa hawakufanikiwa kupata majike kama wale walioweza kufoka. Dume wako akiwa bingwa wa kukufokea wewe, usidhani moja kwa moja kwamba ni bingwa wa kubembeleza. Hizo ni sauti mbili tofauti kwa kazi mbili tofauti, na katika daftari zipewe kurasa mbili.

9. Tazama milio kwa macho. Hamishia sauti ulizorekodi kwenye kompyuta, uzifungue kwa programu ya bure kama Audacity, ambayo inaweza kukuonyesha sauti kama picha. Pima urefu wa kila mlio kwa sehemu za sekunde. Mlio wa kushtuka utaonekana kama wingu lililosambaa kutoka chini hadi juu bila noti maalumu. Ukiona mistari myembamba iliyopinda kama filimbi, chunguza upya aina ya mende uliyeuziwa. Mwaka 2006 watafiti Sueur na Aubin walieleza kwamba madume wa jamaa yao mdogo, Elliptorhina chopardi, hupigia majike miluzi halisi inayopanda na kushuka. Wauzaji huchanganya aina, na katika matangi ya kuuzia kuna machotara, jambo ambalo peke yake linaweza kueleza kwa nini mende wako hawalii kama wa jirani.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kosa kubwa ni kuwachokoza ili wageni wasikie. Mfugaji anayemtikisa mende kila mgeni anapofika huishia na mende wa aina mbili: yule aliyezoea kutikiswa na asiyefoka tena hata kwa jambo la kweli, na yule asiyetulia kamwe. Kwa vyovyote vile daftari lako litakuwa limeharibika.

Kosa la pili ni kupima mende aliyetoka kujivua gamba. Utamtambua kwa weupe wake, kama aliyepakwa maziwa. Kwa wakati huo mwili wake ni laini kama nyama ya embe, na mguso wako unaweza kumvunja. Mwache mpaka rangi yake ya kahawia irudi, kisha ongeza siku mbili tatu.

La tatu ni kumvuta mende aliyeng'ang'ania kitu. Miguu yake ina vikulabu, naye akishika trei ya mayai hataachia. Ukivuta, mguu utabaki kwenye trei. Mnyanyue pamoja na karatasi aliyoishika.

Tena, usimpulizie pumzi ya kinywa chako au moshi ili kumshtua. Pumzi na moshi huingia katika matundu yaleyale anayopumulia na kufokea. Nawa mikono kabla na baada ya kila zoezi, na kama una pumu au mzio wa vumbi, vaa barakoa unaposafisha tangi, kwa kuwa kinyesi, magamba, na ukungu unaoota kwenye takataka za mende huweza kuamsha mzio. Uvaapo glavu siku moja, vaa glavu siku zote za zoezi hilo, la sivyo utakuwa umebadilisha mkono bila kukusudia.

Mambo yakienda kombo

*Hakuna hata mmoja anayefoka.* Tazama kipimajoto kabla ya kutazama mende. Wasomaji wengi wanaoniuliza hili wanaishi Ulaya au Kanada, na huniandikia kati ya Novemba na Machi, wakati ambapo nyumba imepunguziwa joto ili kuokoa gharama. Chini ya nyuzi 20 mende hawa hupoa, husinzia, na huona uvivu hata wa kukimbia. Bandika pedi ya umeme ya kupashia joto ubavuni mwa tangi, siyo chini yake, ikiwa na kidhibiti cha joto, kisha urudie zoezi baada ya siku tatu. Usilinganishe kamwe namba za Januari na za Julai kama joto halikuwa sawa.

*Jike wangu anafoka wakati wa ugomvi.* Mgeuze umtazame tena sehemu ya mwisho ya tumbo. Mara nyingi huyo ni dume kijana ambaye nundu zake hazijakua vizuri. Akiwa ni jike kweli, basi alichofanya ni kushtuka baada ya kukanyagwa na madume waliokuwa wakisukumana. Andika mlio huo katika ukurasa wa kushtuka.

*Tunutu hawatoi sauti yoyote.* Wale wadogo kabisa hawana uwezo huo bado. Ukiwatazama kwa makini huenda ukaona tumbo likijikunja, lakini wewe hutasikia kitu. Subiri mpaka watakapofika hatua ya nne ya ukuaji.

*Mende mmoja alikuwa mkimya, na ghafla anafoka kila anapoguswa.* Orodhesha yaliyobadilika katika wiki hiyo: sabuni mpya, mafuta ya mikono, glavu, matandiko mapya ya tangi, dume mpya, au tangi kuhamishwa karibu na spika ya televisheni. Rudisha jambo moja katika hali yake ya awali kila baada ya siku mbili, wala usiyarudishe yote kwa pamoja, maana hutajua lipi lilikuwa chanzo. Kama ni jike mwenye mfuko wa mayai, mwache bila majaribio. Huubeba ndani ya mwili kwa siku 60 hivi kabla ya kuzaa watoto hai, na namba zake za kipindi hicho hazina faida kubwa kwako.

*Dume aliyekuwa akifoka sana amenyamaza.* Angalia mambo haya kwa utaratibu huu: je, kuna dume mpya aliyemshinda? Je, rangi ya alama imeshuka ubavuni? Je, anakula? Dume aliyeshindwa anayekula vizuri umhamishie tangi lingine pamoja na jike mmoja, nawe utaona katika siku chache kama sauti inarudi. Rangi iliyoshuka usiikwangue kwa kisu. Ibanue kwa ukucha ikiwa imekauka, au uiache ikiwa imeshikamana na ngozi. Dume asiyekula, anayekokota miguu ya nyuma, na ambaye vipapasio vyake vimepukutika, yaelekea amezeeka. Mende hawa huishi miaka 2 hadi 5, na kama ulimnunua akiwa mkubwa hujui alikuwa ameishi mingapi.

*Nimeona vidudu vidogo vyeupe vikitembea juu yake, na tangu hapo hafoki.* Hivyo ni utitiri wanaoishi juu ya mende hawa na kula mabaki ya chakula na uchafu uliopo mwilini mwao, bila kuwanyonya. Si wao waliomnyamazisha. Ila ukiwaona wengi mno, hadi kwenye kuta za tangi, unyevu umezidi na chakula kinaoza: ondoa mabaki ya matunda kila asubuhi, badilisha trei za mayai, na uache mfuniko upitishe hewa zaidi. Usipulize dawa ya wadudu ndani ya chumba hicho wala chumba cha jirani.

*Rekodi zangu zina mikwaruzo mingi kuliko milio.* Mikwaruzo hiyo ni kucha za mende kwenye karatasi ya trei. Kwa usiku wa kurekodi peke yake, ondoa trei na utandike kitambaa cha pamba, uwaachie gome moja la mti la kujifichia, kisha urudishe trei asubuhi.